Siku Kona ya Wageni Ilipovua Viatu

"Nimepigwa mara mia moja na kumi na tatu, na sijapigwa bure hata mara moja!"

Mostyn Pugh aliyasema hayo redioni, Jumamosi asubuhi, saa ambayo bonde zima la Merthyr linakaanga soseji na halina pa kukimbilia. Mtangazaji alikuwa amemuuliza, kwa sauti ile laini tunayowatunzia wafiwa, kama haoni haya kubeba rekodi ya namna ile: mapambano mia moja na thelathini, ushindi kumi na moja, sare sita, na yaliyobaki yote kipigo. Mostyn akacheka mpaka kipaza sauti kikakwaruza. Akasema wenye rekodi safi wako nyumbani wanasubiri simu, na yeye Jumapili ya wiki ijayo anapanda ulingoni mbele ya watu wake, katika siku kubwa kuliko zote zilizowahi kuonekana Wales Kusini. Baada ya hapo atatundika glovu, maana ana miaka thelathini na minane na magoti ya mzee wa sabini. Kisha akaongeza kwamba mwenye paa linalovuja ampigie baada ya saa kumi.

Mapaa ndiyo yaliyokuwa kazi yake ya wiki. Katika mabonde haya, ambako kila mlango wa pili kuna Pugh na wa tatu kuna Jones, mtu hupewa jina la kazi yake, la sivyo barua zote zingefika kwa wasiohusika. Kulikuwa na Elis Maziwa, kulikuwa na Gwilym Jeneza, na kulikuwa na Mostyn Paa. Jumatatu hadi Ijumaa alipanga vigae juu ya nyumba za watu. Jumamosi na Jumapili alikwenda kupigwa.

Na kupigwa ni kazi, tena yenye utaratibu wake. Katika kumbi zetu ndogo kijana wa nyumbani hutembeza tiketi zake mwenyewe: kwa shangazi, kwa wenzake kiwandani, kwa kinyozi, kwa mchungaji wa kanisa akibanwa vizuri. Analipwa kutokana na alichouza. Lakini kijana huyo anahitaji mtu wa kumpiga, na mtu huyo ndiye mgeni. Mgeni haji na mashabiki. Anakuja na begi, taulo na mkate wake wenye jibini, analipwa kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba, anamfundisha kijana kazi huku akipokea ngumi, halafu anarudi kwake na pua iliyonyooka kiasi cha kuweza kuvaa miwani. Hakuna anayemwambia ashindwe. Ila wote wanajua kwamba mgeni akizoea kuwaangusha vijana wa nyumbani, mapromota wanapoteza namba yake. Simu inanyamaza tu, kama mume aliyeulizwa mshahara umekwenda wapi.

Sasa hiyo siku kubwa. Kwa miaka minane watu walikuwa wakilisubiri pambano la Garin Beddoe wa bonde la Rhondda na Teilo Hopkin wa bonde la Cynon. Mlima mmoja tu uliwatenganisha, na kondoo wa mlima ule walikuwa wamekutana mara nyingi kuliko wao. Mwaka wa kwanza tuliambiwa bado mapema. Mwaka wa tatu tuliambiwa tungoje liive. Mwaka wa tano mmoja alivunjika mkono, wa sita wakabishana aina ya glovu, wa saba wakabishana nani aingie ulingoni wa mwisho. Kuna ndoa zilizofungwa, zikavunjika na kufungwa tena wakati hao wawili wanatukanana magazetini.

Hatimaye Royston Venables, ambaye sisi tunamwita Royston Mazulia kwa sababu duka lake ndilo lililotandika nusu ya sebule za Merthyr, akatangaza kwamba amewapata wote wawili. Royston aliingia kwenye ngumi kwa sababu zulia halihojiwi na waandishi. Malipo nusu kwa nusu. Jumapili, saa nane mchana, ukumbi wa michezo wa Merthyr. Chini yao kungekuwa na mapambano matano ya utangulizi, na la tano lilikuwa la Mostyn Paa dhidi ya Rhodri Meyrick, kijana wa miaka ishirini ambaye hajawahi kupoteza, wala hajawahi kukutana na mtu aliyejaribu kumshinda.

Alhamisi, Garin akasikia kwamba Teilo amejitapa kwa kinyozi kuwa yeye ndiye anayeuza pambano. Garin akadai asilimia hamsini na moja. Teilo aliposikia, naye akadai hamsini na moja. Royston alikaa na kikokotoo hadi chai ikapoa, na kila alipojumlisha alipata mia moja na mbili. Ijumaa mabondia wote wawili wakaleta vyeti vya daktari kwamba wameumia bega. Mabonde mawili, madaktari wawili, bega moja.

Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Hawa hata hawakupigana, na nyasi zikaumia vilevile.

Jumapili mvua ilinyesha kama ilivyoagizwa. Mashabiki wa Garin na Teilo walikuwa wamerudishiwa pesa zao, lakini watu mia sita walikuja. Hao walikuwa wamenunua tiketi mikononi mwa vijana wa nyumbani, na kwao pambano kubwa lilikuwa lile la mpwa wao. Wenyeji walipewa vyumba vya kubadilishia nguo vyenye maji ya moto. Wageni watano walipewa stoo ya vifaa vya mazoezi ya watoto, wakakaa juu ya magodoro ya sarakasi, kila mmoja akijifunga bandeji.

Kulikuwa na Mostyn. Kulikuwa na Kester, mtu wa Birmingham mwenye mdomo mwepesi kuliko mikono. Kulikuwa na Genadi, Mbulgaria wa Swansea, mpakiaji nyama, ambaye siku moja alimshikia Mostyn barafu jichoni kutoka Carlisle hadi Merthyr, karibu maili mia tatu, akiendesha gari kwa mkono mmoja. Na kulikuwa na ndugu wawili wa Bristol ambao hawakuongea na mtu, labda kwa sababu walikuwa wamemaliza kuongea wao kwa wao.

Royston akaingia na karatasi mkononi na uso wa msiba.

"Wanangu," alisema, "hali mnaiona. Pambano kubwa limekufa. Msiba ukiingia nyumbani kila mtu anabeba kidogo. Malipo yatakuwa nusu. Mnasaini hapa, mnapigana, mnakwenda zenu."

"Subiri, mzee," alisema Kester. "Nusu ya pesa au nusu ya kipigo? Maana kama ni nusu ya kipigo mimi nipe kalamu hata sasa hivi."

"Sina utani leo, Kester."

"Mimi nami sina pesa leo. Tuko sawa."

Mostyn alikuwa akipiga hesabu. Mkataba wake ulikuwa wa pauni elfu moja na mia mbili kwa raundi nne. Nusu yake ni mia sita, ambayo inatosha raundi mbili. Zilizobaki mbili zingekuwa za bure. Alisikia masikio yakimuwaka, si kwa hasira tu. Bonde zima lilikuwa limemsikia redioni. Kesho angepanda juu ya paa la mtu, na yule wa chini angemsalimu kwa kumuuliza, je, Mostyn, raundi mbili za sadaka zilikuwaje?

"Royston," alisema, "mkataba ninao. Umeusaini wewe. Tena uliusaini vizuri, hiyo R ina mkia kama paka."

"Ule mkataba ulikuwa wa siku yenye Garin na Teilo."

"Majina yao hayamo. Mna jina langu, lako na pesa."

Royston akavuta pumzi. "Basi nisikilizeni wote. Msiposaini nafuta onyesho zima. Mtaondoka na sifuri, na mafuta ya gari juu yenu. Nawapa dakika kumi." Akafungua mlango, kisha akageuka. "Mostyn, njoo kidogo."

Walisimama koridoni, karibu na mashine ya chokoleti. Royston akashusha sauti.

"Wewe nitakulipa zote. Kamili, leo leo. Tumetoka mbali mimi na wewe, na leo ni ya mwisho kwako, kwa nini uiharibu? Wewe saini tu mbele yao. Wakikuona wewe umesaini, na wao watasaini. Hilo lingine ni letu wawili."

Mostyn aliitazama mashine ya chokoleti kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Asidanganye mtu kwamba hakutamani. Neno lake lingetimia: angelipwa mpaka senti ya mwisho, na redioni angerudi akiwa mkweli. Hakuna ambaye angejua, isipokuwa Royston, ambaye hana haya, na yeye mwenyewe, ambaye kwa bahati mbaya anayo. Akaikumbuka ile barafu, inavyoyeyuka na kuchuruzika hadi kwenye mkono wa Genadi, na Genadi akiimba vibaya ili yeye asilale.

"Nitafikiri," alisema, akarudi stooni.

Wanne wote walimtazama.

"Anataka kunilipa mimi zote," alisema Mostyn, "ili ninyi mchukue nusu."

Kester akaacha bandeji nusu mkononi.

"Na wewe umesemaje?" Genadi akauliza.

Mostyn akakaa kwenye godoro, akainama, akaanza kulegeza kamba za viatu vyake vya ulingoni. Kamba za viatu vile ni ndefu mno. Mtu haanzi kuzifungua kama ana mpango wa kuzifunga tena hivi karibuni. Alivua cha kushoto, akavua cha kulia, akaviweka pamoja ukutani kama mgeni aliyekaribishwa chakula.

"Miguu inaniuma," alisema.

Genadi akavua vyake. Kester akavua huku akilaani mafundo. Ndugu wa Bristol wakatazamana, na mkubwa wao akatoa sentensi yake ya kwanza ya mwaka.

"Zote, kwa wote, kabla ya glovu."

"Kabla ya glovu," wakaitikia.

Mabingwa wawili walishindwa kukubaliana kwa miaka minane. Watu watano wenye ushindi usiofika dazeni kwa kila mmoja walikubaliana kabla chai ya Genadi haijapoa.

Muda wa pambano la kwanza ulipofika, mpiga wito alisukuma mlango. "Kester! Twende!" Kisha akaona miguu kumi mitupu imenyooshwa kwa mstari. Akaufunga mlango polepole, kama mtu aliyeingia choo cha wanawake. Inspekta wa ngumi akaja, akasoma mikataba yote mitano, akasema imenyooka na inasimama, karatasi mpya haina nguvu bila saini, na yeye hana mamlaka ya kumvalisha mtu kiatu. Akakaa pembeni, akafungua mkate wake.

Ukumbini, kijana wa kwanza wa nyumbani alikuwa tayari ulingoni. Wimbo wake wa kuingilia ulipigwa mara tatu. Aliruka, akapiga hewa, akaruka tena, mpaka ikaonekana hewa inaongoza kwa pointi.

Ndipo mlango wa stoo ukafunguliwa bila hodi, akaingia mwanamke mfupi wa miaka sabini na kitu, koti la mvua, mkoba umekumbatiwa kifuani. Huyu alikuwa Bibi Olwen Meyrick, nyanya yake Rhodri. Tiketi sitini za mjukuu wake alikuwa amezimaliza peke yake, kwaya ya kanisa kwanza, klabu ya bingo baadaye.

"Yupi kati yenu anapigana na mjukuu wangu?"

"Mimi, Bibi," alisema Mostyn, akasimama kwa heshima, bila viatu.

"Wewe si Mostyn Paa? Ulitengeneza paa la dada yangu."

"Bado linavuja?"

"Dada amekufa."

"Pole, Bibi."

"Si kwa paa. Sasa niambie, mbona umekaa huku kama unaogopa maji? Nimeleta watu sitini. Mwimbaji wangu bora wa sauti ya besi ameacha mechi ya raga kwenye televisheni."

Mostyn akamweleza: mkataba, nusu, sifuri, kila kitu isipokuwa mashine ya chokoleti. Kester akamalizia ile ya mashine ya chokoleti. Bibi Olwen alisikiliza huku midomo yake ikizidi kuwa myembamba.

"Royston Mazulia," alisema mwishowe. "Mama yake alikuwa hivyo hivyo. Kwenye mazishi alikuwa akihesabu keki." Akageuka, akatoka.

Kilichofuata Mostyn alikisikia kupitia ukutani, kisha akatoka kwenda kukiona. Bibi alipanda ngazi za ulingo kwa kusaidiwa na yule kijana aliyekuwa akipiga hewa, akamnyang'anya mtangazaji kipaza sauti.

"Watu wangu!" alisema. "Nani aliyewauzia tiketi? Royston?"

"La!"

"Mlilipa nusu?"

"La!"

"Wageni wetu wako stooni hawataki kutoka, kwa sababu huyu bwana anataka kuwalipa nusu. Toka lini mgeni wa Merthyr akalishwa nusu sahani?"

Watu wakaanza kupiga miguu. "Walipe! Walipe!" Na kwa kuwa mtu wa Wales hawezi kupiga kelele bila kugawana sauti, baada ya dakika moja kwaya ikaipokea: wanawake juu, wanaume katikati, na yule besi aliyeacha raga akashuka chini kabisa hadi kamba za ulingo zikatetemeka. *Waaalipe*. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba hata mhudumu wa baa aliacha kumimina. Ndugu wa Bristol walitokwa machozi, wote wawili, jicho moja moja.

Royston alisimama karibu na meza ya waamuzi, uso umepauka kama zulia lililokaa dirishani. Alikuwa ametishia kulifuta onyesho, naam. Lakini kulifuta kulimaanisha kumrudishia kila mmoja wa hawa mia sita pesa yake, ana kwa ana, huku wakiimba. Alimwangalia Mostyn kwa mbali. Mostyn akainua mguu mmoja mtupu, akavichezesha vidole.

Pesa zikatoka baa. Noti zilikuwa zimelowa bia na nyingine ziligandana, ikabidi wazitandaze juu ya godoro la sarakasi zikauke. Inspekta akashuhudia. Kila mtu alipata chake kamili, Kester akanusa zake akasema atalewa kabla ya benki kufunguliwa. Kisha wakavaa viatu.

Mapambano manne yakaenda kama yanavyokwenda. Wageni wanne wakapoteza kwa pointi, kistaarabu, wakishangiliwa kuliko washindi. Na kwa kuwa mabingwa hawakuwepo, pambano la tano likawa ndilo la mwisho, ndilo kubwa. Kwa mara ya kwanza katika mapambano mia moja na thelathini na moja, Mostyn Paa alikuwa juu ya kila mtu bila ngazi.

Raundi ya kwanza ilikuwa ya Rhodri. Mostyn alifanya kama kawaida: akaegemea, akashika, akamnong'oneza, "Kidevu ndani, mwanangu, huuzi kidevu." Kengele ikalia. Akiwa kwenye kigoda chake akamwona Royston mstari wa mbele, mikono imekunjwa, macho kama ya mtu anayefuta namba kwenye simu. Hapo ndipo jambo likamjia Mostyn, jepesi kabisa, na akashangaa lilikuwa wapi miaka kumi na mitano. Ile simu haitalia tena. Ngumi zote alizokuwa akizitunza kwa ajili ya ile simu, alikuwa akimtunzia nani?

Raundi ya pili akazitoa. Hakuwa na nguvu nyingi, hakuwahi kuwa nazo, lakini alikuwa amepigwa na kila aina ya ngumi inayotengenezwa Uingereza na alijua kila moja inapita njia gani. Rhodri akirusha kushoto, Mostyn hayupo. Akirusha kulia, Mostyn yupo, ila kwa upande mbaya. Ngumi ya mbavu, ngumi ya tumbo, hatua moja pembeni, kama fundi anayepanga vigae bila haraka. Kijana akaanza kupumua kwa mdomo. Ukumbi ukalipuka. Raundi ya tatu nayo ikawa yake. Ya nne walisimama katikati kama watu wanaogombea mlango wa basi, na mwamuzi mwenyewe hakujua amnyime nani.

Pointi thelathini na tisa kwa thelathini na nane. Mwamuzi akashika mkono wa Mostyn, na Mostyn, kwa mazoea, akaanza kuushusha ili kumpigia makofi mwenzake. Mwamuzi akaurudisha juu kwa nguvu.

"Ni wewe, jamaa! Tulia!"

Mkewe Mostyn, Eurwen, ambaye hupenda kukaa karibu na mlango ili awahi gari, alisikika akipiga kelele ambayo daktari wa ulingo aliinukia. Genadi akampandisha Mostyn mabegani. Bibi Olwen akaja na mkoba wake, akampiga nao mkononi mara mbili.

"Umempiga mjukuu wangu, mnyama wewe!"

"Samahani, Bibi."

"Usiombe samahani. Alikuwa ameanza kujiona." Akamvuta kichwa chini akambusu kipajini, juu ya jasho. "Kuna keki kwenye basi la kwaya. Ukija, lete na huyo Mbulgaria."

Hayo yana miaka tisa sasa. Rhodri alichukua mkanda wa Wales na bado huanza mahojiano yake kwa kusema aliyemfundisha kazi ni fundi paa. Royston amerudi kwenye mazulia, ambayo hayavui viatu. Garin na Teilo hawakupigana kamwe. Matumbo yamewatangulia, na mabega, ashukuriwe Mungu, yamepona yote. Siku hizi hualikwa pamoja kwenye karamu za mchana za hoteli moja ya Cardiff, wakakaa meza ya mbele na kubishana nani angemwangusha nani na raundi ya ngapi. Watu hucheka kidogo, hula, kisha mtu wa nyuma husimama na kusema, haya yote tumeyasikia, mwacheni Mostyn atueleze ile ya kamba za viatu.

Mostyn hukaa kati yao. Mgawanyo wa mapato ni theluthi kwa theluthi kwa theluthi, aliuandika mwenyewe, na wote wawili wamesaini. Karamu ya mwezi huu imejaa. Ya mwezi ujao bado ina viti. Kiti kimoja, pamoja na nyama ya kondoo na pudini, ni pauni sitini na tano.